Shangazi, tunataka kumuenzi marehemu mama kwa kusaidia vijana wanariadha, ila tunagombana kabla hata hatujaanza

Shangazi shikamoo,

Naomba unisaidie maana hapa nilipo sijui nimsikilize nani. Mama yetu alifariki mwaka jana kwa saratani. Enzi zake alikuwa mkimbiaji wa mita 800, timu ya taifa alishaitwa, na alipoacha kukimbia hakukaa nyumbani, jioni zote yuko uwanjani anafundisha watoto wa watu na halipwi na mtu yeyote. Sisi wanawe tumekulia pembeni ya uwanja, kazi za shule tunafanyia kwenye benchi tukimsubiri amalize.

Siku ya mazishi walikuja watu wengi hata hatuwajui, wengine watu wazima wana watoto wao, kila mmoja anatushika mkono anasema mama yenu ndo alinivalisha viatu vyangu vya kwanza vya kukimbilia. Pale pale wenzake aliokimbia nao zamani wakaanza kuchanga, wakasema hii hela siyo ya msiba, ni ya kuanzisha taasisi ya jina lake isaidie vijana wanariadha. Tulifarijika sana. Kaka mkubwa akatoa namba ya akaunti yake kwa sababu ndo iliyokuwa karibu, na mpaka leo watu bado wanaingizia humo.

Sasa shida ndo hii. Kaka anataka mashindano makubwa kila mwaka tarehe aliyofariki mama, liwepo kombe lenye jina lake, fulana, mgeni rasmi, matangazo redioni. Kuna mfanyabiashara ameshaahidi hela nyingi tu lakini anataka jina lake litangulie la mama kwenye fulana na yeye ndo akabidhi kombe. Dada yangu hataki hata kusikia habari za kombe, anasema hela yote iwekwe benki tuchague mtoto mmoja mwenye kipaji tumsomeshe mpaka mwisho. Baba kanyamaza. Siku kaka aliposema tupige mnada medali za mama ili tupate mtaji, baba alinyanyuka akatoka nje, na tangu siku hiyo ukigusa hiyo habari anabadilisha mazungumzo. Mimi niko katikati, nataka kitu ambacho mama mwenyewe akikiona angekitambua kuwa ni chake, ila nikisema hivyo naambiwa mimi naendeshwa na hisia.

Afu kuna kocha mmoja mtu mzima, alikuwa anafundisha pamoja na mama. Amejitolea kuwachukua watoto wote aliowaacha mama awafundishe bure, na likizo akae nao kambini. Kila mtu kafurahi. Mimi sina ubaya naye hata kidogo, niliuliza tu kama tungeandikiana naye utaratibu, nikaambiwa namvunjia heshima mzee wa watu.

Kitu nilichobaki nacho mimi ni begi lake la uwanjani. Ndani kuna spaiki za saizi mbalimbali, na ukifunua ulimi wa kiatu unakuta ameandika kwa kalamu majina ya watoto waliokivaa, jina moja limekatwa linafuata lingine chini yake. Kuna plasta, kuna pedi, kuna sidiria za michezo mpya bado ziko kwenye mfuko wake, na daftari. Daftari limejaa muda wa kila mtoto lakini pembeni ya muda ameandika vitu kama "hajala", "nauli hana apewe", "goti la kushoto", "mama yake anaumwa, asisemwe akichelewa". Nililia mpaka nikalifunga.

Shangazi tuanzie wapi, na tufanyeje tusije tukatengana na ndugu zangu kwa jambo la kheri kama hili?

Binti wa Mwisho

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana nyote pamoja na baba yenu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja na kila nikifika kwenye lile begi nasimama. Nakuambia ukweli, nyinyi mnabishana taasisi ifanye nini wakati mama yenu ameshawaandikia, kwa mkono wake, na karatasi unayo wewe.

Kwa hiyo kabla ya kikao kingine chochote cha familia fanya hivi, kaa na kaka na dada, lifungueni hilo daftari kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na muandike pembeni ni shida gani inajirudia. Nauli imetajwa kwa watoto wangapi, njaa kwa wangapi, viatu, magoti, matatizo ya nyumbani. Msilisome kwa kulia tu, japo kulia mtalia na wala si vibaya, lisomeni kama watu wanaotafuta kazi ya kufanya. Mkimaliza mtajua mtoto wa kwenye uwanja ule anakwamia wapi, na hiyo ndo kazi ya taasisi yenu. Wewe hauendeshwi na hisia mwanangu, wewe ndo pekee mwenye ushahidi.

Na angalia huyo mama alikuwa anajua anachokifanya. Lile neno "hajala" ni zito kuliko linavyoonekana. Mtoto anayekimbia kila jioni bila kula cha kutosha hapungui kasi tu, mwili unaanza kukata matumizi mahali pengine, msichana anakosa hedhi, mifupa inadhoofika mpaka inapata nyufa, homa haziishi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikuja kulitolea tamko rasmi mwaka 2014 hili suala la wanamichezo kupungukiwa nishati, lakini mama yenu alikuwa anamuona mtoto usoni anaandika. Na lile goti la kushoto, watoto wengi wakiwa kwenye kurefuka kwa haraka wanaumwa pale chini kidogo ya kifuniko cha goti, kwenye kanundu ka mfupa ambako kano ya msuli wa paja imeshikia, wataalamu wanaita Osgood-Schlatter, na mara nyingi dawa yake kubwa ni kupunguza mbio na kuruka kwa muda mpaka kitulie. Kocha asiyejua anasema mtoto mvivu. Aliyejua aliandika goti.

Sidiria na pedi sihitaji kukueleza sana, wewe ni mwanamke. Wasichana wengi wanaacha michezo wakibalehe na sababu mara nyingi ni hizo hizo ambazo hakuna mwanaume wa kwenye kamati anayezitaja, mwili umebadilika, anaona aibu, hana cha kujisitiri, anatafuta kisingizio cha kukaa nyumbani. Mfuko wa hela mtakaouanzisha ukinunua hivyo vitu viwili tu, na vikawa kwenye begi ambalo msichana anachukua bila kuomba wala kujieleza, umeshafanya kazi ambayo kombe haliwezi kuifanya.

Hiki ninachokuambia wengine wamekifanya. Mia Hamm wa mpira wa miguu wa Marekani alifiwa na kaka yake Garrett mwaka 1997 kwa ugonjwa wa uboho, mwaka 1999 akaanzisha taasisi yake, na kazi alizoipa ni mbili, kusaidia wagonjwa wanaohitaji kupandikizwa uboho na kuwafungulia wasichana njia ya michezo, yani ugonjwa uliomuua kaka na mchezo aliokulia yeye. Agnes Tirop wa Kenya alipouawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, wanariadha wenzake na familia hawakuishia kwenye kumbukumbu ya mbio, walianzisha Tirop's Angels kupambana na ukatili dhidi ya wanawake kwa sababu hicho ndicho kilichomuondoa. Na Wilma Rudolph, mkimbiaji wa Marekani aliyechukua dhahabu tatu kwenye Olimpiki ya Roma mwaka 1960 baada ya kuvaa chuma mguuni utotoni kwa ajili ya polio, alipoanzisha taasisi yake miaka ya 80 aliielekeza kwa watoto walioanzia chini kama yeye. Wote hawa jina lipo, ila kazi imetoka ndani ya maisha ya mwenye jina.

Sasa hela. Hapa nitasema na kaka yako kupitia wewe na naomba asinielewe vibaya, simshuku. Hela ikiwa kwenye akaunti yenye jina lake basi mbele ya benki na mbele ya sheria inaonekana ni yake. Akidaiwa inaweza kuguswa, akiumwa hakuna wa kuitoa, na Mungu apishie mbali akiondoka inahesabiwa kwenye mirathi yake na nyie mtaanza kuwaeleza shemeji na watoto kwamba hii ni ya wanariadha. Kwa usalama wake yeye mwenyewe fungueni akaunti tofauti yenye jina la mfuko, watie saini watu wawili kila hela inapotoka na mmoja wao asiwe wa familia, afu hamishieni kila senti na kaka aandike karatasi moja ya zilizoingia na tarehe zake. Hiyo karatasi watumieni wote waliochanga. Watu waliochanga msibani hawataki mambo makubwa, wanataka kusikia kwamba hela yao ipo na inaenda wapi, na ukikaa kimya muda mrefu hata mtu mwema anaanza kuuliza maswali.

Na jambo lingine, ile hela imekuja na masharti yake tayari. Walisema ni ya vijana wanariadha. Kwa hiyo fulana, chakula cha mgeni rasmi na matangazo ya redio havitoki humo, hata kama kamati yote imekubali.

Kusajili taasisi msikimbilie. Kila nchi ina utaratibu wake na ukishasajili unakuja na ripoti za kila mwaka, mahesabu, kodi, bodi, mikutano, na familia iliyo kwenye msiba inachoka haraka sana na hayo makaratasi. Kama kuna klabu ya riadha au taasisi ya hisani yenye mahesabu safi, ongeeni nayo mfungue mfuko wa mama ndani yake, jina lake lile lile, nyie mnaamua hela iende kwa nani na wao wanabeba usajili na ukaguzi. Mkienda hivyo mwaka mmoja au miwili mkaona kazi inakua ndo msajili ya kwenu.

Haya, kombe. Kaka yako hajakosea kutaka mama yake atajwe kwa sauti, usimbeze kwa hilo, watoto wa kwanza wengi wanaomboleza kwa kutafuta kitu kikubwa cha kufanya. Ila mwambieni ahesabu, mashindano ya siku moja yanakula hela ambayo ingeweza kumlipia nauli mtoto msimu mzima, na kesho yake uwanja uko vile vile. Mnaweza kukutana katikati, siku hiyo ya kumbukumbu iwepo lakini iwe ya mazoezi, wale watu wazima waliovaa spaiki za mama warudi kukimbia na wadogo, mita 800 iwe ndo mbio ya mwisho ya siku, na anayetaka kuja aje na jozi ya viatu ambavyo mtoto wake vimembana. Kaka asimamie hiyo siku, ana nguvu ya kukusanya watu, mpeni kazi inayomfaa.

Huyo mfanyabiashara mwambieni asante na mumpe masharti kwa maandishi. Anaweza kutajwa kama mfadhili, nyuma ya fulana, kwa herufi ndogo, ila jina lake halitangulii la marehemu, hachagui watoto, na picha za watoto hazitumiki kutangazia biashara yake bila mzazi kusaini. Akikataa masharti hayo basi alikuwa anatafuta tangazo, na matangazo yana pa kununuliwa.

Dada yako naye ana hoja nusu. Kuweka hela benki ni busara kama ni nyingi, maana mfuko unaotaka kudumu unatumia faida tu na kugusa mtaji kidogo sana, wengi huko duniani wanatoa kama asilimia 4 kwa mwaka, ambayo maana yake ukitaka kutoa 4 kila mwaka lazima uwe na 100 zimekaa. Mkipiga hesabu mtaona kama mnafika au hamfiki, na kama hamfiki tumieni hela kwa kazi ndogo za kila siku huku mkiendelea kuchangisha, si dhambi mfuko kuishi kwa kuchangiwa mwaka hadi mwaka. Ila kuweka kila kitu juu ya mtoto mmoja hapana, hilo simuungi mkono dada yako hata kidogo. Mtoto wa miaka 14 ukimwambia wewe ndo kumbukumbu ya marehemu unamtwika mzigo ambao hata mtu mzima hauwezi. Akiumia je? Akipenda kitu kingine je? Saidieni wengi kidogo kidogo, na kwenye sheria zenu andikeni wazi kabisa kwamba mtoto akiumia au akashuka kiwango msaada wake haukatwi katikati ya mwaka. Wafadhili wengi wanamkimbia mtoto siku goti linapovimba, na hiyo ndo siku anayowahitaji.

Katika kuchagua nani apewe, wawepo watu wa nje ya familia, mwalimu, mtu wa mahesabu, na kijana mmoja aliyepita mikononi mwa mama. Mtoto wa ndugu akiomba, yule ndugu anatoka nje ya chumba wenzake wakiamua. Na kila inapowezekana lipeni huduma yenyewe, duka la viatu, ada ya mashindano, mtaalamu wa viungo, badala ya kumpa mtoto hela mkononi, kwanza kwa usalama wake na pili kuna michezo na mashirikisho ambayo yana sheria kuhusu vijana kupokea hela, ulizeni chama cha riadha kwanza. Ila moja nakukataza kabisa, msinunulie watoto madawa ya kuongeza nguvu wala zile poda za kwenye makopo hata mkiletewa bure. Chini ya kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, mwanamichezo anawajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama hakujua kimo, na makopo mengine yana vitu ambavyo havijaandikwa kwenye lebo. Chakula cha kawaida kinatosha. Mama yenu aliandika "hajala", hakuandika hajanywa poda.

Nimeiacha ya kocha nikae nayo vizuri kwa sababu hapa sitaki mzembee.

Swali lako lilikuwa sahihi. Sisemi huyo mzee ana kasoro, simjui, na inawezekana kabisa ni mtu safi anayemlilia mwenzake kwa kufanya kazi. Lakini utaratibu wa kulinda watoto hauwekwi kwa ajili ya mtu unayemshuku, unawekwa kwa wote, wewe, kaka yako, mfadhili, dereva. Marekani kulikuwa na daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki, Larry Nassar, aliaminika miaka na miaka huku akiwanyanyasa kingono wasichana aliokuwa anawatibu, mengine aliyafanya mzazi akiwa chumba hicho hicho, na alipofika mbele ya hakimu mwaka 2018 walisimama wasichana na wanawake zaidi ya 150 kueleza alichowafanyia. Kati ya vilivyomlinda ni imani kama ile ya sentensi uliyoambiwa wewe, kwamba kumuuliza mtu kama huyo ni kumvunjia heshima.

Kwa hiyo mwandikie karatasi na yeye asaini kama wengine. Mtu mzima hakai peke yake na mtoto mmoja chumbani, garini wala kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Ujumbe kwa mtoto unapitia kundi ambalo mzazi yumo, hakuna meseji za usiku za wawili. Anayechua misuli afanye pale wengine wanapoona. Kambi za likizo haziwi nyumbani kwa mtu, wasichana wana msimamizi mwanamke anayelala upande wao, na mzazi anaweza kufika muda wowote bila taarifa. Chagueni mtu mmoja asiye kocha wala ndugu ambaye mtoto anaweza kumwambia jambo, namba yake ibandikwe uwanjani, na huyo mtu ajue kabisa kwamba akiambiwa anapeleka kwa mamlaka za watoto, haitishi kikao cha familia kwanza. Ulizeni klabu alizopita zamani, siyo rafiki zake. Kama nchi yenu ina cheti cha polisi cha wanaofanya kazi na watoto, alete. Na wewe tangulia, saini ya kwanza iwe yako na ya kaka mbele yake, hapo hakuna atakayesema kalengwa. Kocha mwenye nia njema akiona hiyo karatasi anashukuru maana inamlinda na yeye dhidi ya kusingiziwa. Akigoma kusaini, basi watoto hawaendi kwake, na hapo usirudi nyuma hata familia nzima ikununie.

Mwisho baba yako. Medali msiziuze. Hela mtakayopata itaisha msimu mmoja na yeye hatakaa asahau. Na sidhani kama alikasirikia hela, nadhani hakuna aliyemuuliza, mmekaa mnagawana jina la mke wake na yeye yupo hapo hapo. Nenda peke yako, bila ajenda ya kikao, mpelekee lile daftari umwombe akusaidie kusoma maana wewe majina mengine huyajui, yeye huenda anawajua hao watoto na wazazi wao. Usimwombe uamuzi wowote siku hiyo. Akitaka kuongea mwache aongee, akitaka kulishika tu alishike. Baadaye, akiwa tayari, mwombe ruhusa ya kutumia jina na picha ya mama kwenye barua ya kwanza kwa waliochanga, na kama akisema picha bado, barua itoke bila picha.

Mkishafungua akaunti niandikie tena mwanangu, na ile karatasi ya kocha ukikwama kuiandika nitumie rasimu niipitie.

Shangazi